Nimesoma na Nimeelewa

Kiswahili kina maneno matatu ya ukoo mmoja ambayo tunayatumia kila siku bila kuukumbuka ukoo wao. La kwanza ni kuelea. Wengi wanalijua kwa maana ya chombo kukaa juu ya maji, lakini linayo pia maana ya jambo kuwa wazi kwa mtu. Mzee wa pwani akipewa habari asiyoifahamu husema, "Halijanielea." Kutokana na kuelea tunapata kueleza, yaani kulifanya jambo liwe wazi kwa mwingine; na tunapata kuelewa, yaani kufikiwa na uwazi huo.

Nimeutafakari ukoo huu mara nyingi. Kama kueleza ni kulifanya jambo lielee, basi mtu aliyesema maneno mengi, au aliyeandika karatasi ndefu, na jambo lisimwelee yule aliyekusudiwa, hajaeleza. Amesema, ameandika, pengine amepiga na muhuri, lakini hajaeleza. Lugha yetu imekwisha kutoa hukumu hata kabla hatujawaendea wanafalsafa.

Katika insha hii nataka kuipeleka hukumu hiyo mahali ambapo watu huiona kuwa ndogo, nayo ni taarifa ambazo shule huwapelekea wazazi: barua, fomu, matangazo, ripoti za maendeleo. Swali langu ni hili. Taarifa ya shule isipoeleweka nyumbani, deni ni la nani? Ni la mzazi aliyepokea asielewe, au ni la shule iliyotuma isieleweke?

Chini ya fomu nyingi za shule huwa kuna sentensi ya namna hii: "Mimi mzazi/mlezi wa fulani nimesoma na nimeelewa masharti yote yaliyotajwa hapo juu." Kisha huachwa nafasi ya sahihi. Nilikuwa mjumbe wa kamati ya shule ya msingi kwa miaka tisa, na fomu kama hizo nimezishika kwa mamia. Baadhi yake, chini kabisa ya neno "nimesoma", zilikuwa na alama ya dole gumba. Mtu asiyejua kusoma alikuwa amethibitisha kwa kidole chake kwamba amesoma. Fomu ikapokelewa, ikatobolewa, ikafungwa katika faili, na hapana aliyeshtuka.

Msomaji, tuitazame alama hiyo kwa utulivu. Sahihi ina thamani kwa sababu inawakilisha ridhaa, na ridhaa haiwezi kuwapo pasipo kujua. Mtu hawezi kulikubali jambo asilolijua, kama vile hawezi kulikataa. Basi dole lile halikukubali kitu. Lilichofanya ni kuipa shule ngao, ili siku likitokea jambo, mwalimu aweze kulifungua faili na kusema, "Lakini ulitia sahihi." Na ngao hiyo inaelekezwa dhidi ya mtu yule yule ambaye taarifa ilidaiwa kuandikwa kwa ajili yake.

Tunasema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Wazee walionilea walisimulia kwamba mpiga mbiu hakuwa amemaliza kazi kwa kupuliza pembe. Pembe ilikuwa ya kuwafanya watu watege masikio tu. Baada ya hapo alizunguka, akapita kisimani na penye vibaraza vya wazee, akatamka habari yenyewe kwa maneno wanayozungumza watu nyumbani mwao. Aliulizwa maswali akajibu. Watu wasipofika mkutanoni, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuulizwa: ulipita wapi, na ulisema nini?

Karatasi ilipochukua nafasi ya pembe ilileta faida ambazo sizidharau. Neno lililoandikwa hukaa, huweza kurudiwa, na halibadiliki kutoka mdomo hadi mdomo. Lakini karatasi ilimwondolea mtumaji kitu kimoja kikubwa, nacho ni kuutazama uso wa anayeambiwa. Mpiga mbiu aliona macho yasiyoelewa, akarudia. Anayeandika barua haoni macho ya mtu. Ndiyo maana ni rahisi sana kwake kuamini kwamba kazi imekwisha barua inapotoka mezani.

Tanzania tunayo historia ya heshima katika suala la kusoma. Mwaka 1967 kiasi cha theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kufikia mwaka 1986 wasiojua kusoma walikuwa wamepungua hadi kiasi cha asilimia 10. Lakini juhudi zile zilififia miaka iliyofuata, na sensa ya 2022 ilionyesha kwamba bado zaidi ya mtu mzima mmoja katika kila kumi hajui kusoma. Tukiongeza wale waliojifunza kusoma wakasahau kwa kukosa cha kusoma, na wale ambao Kiswahili cha ofisini ni kigeni kwao kwa sababu nyumbani huzungumza Kimasai au Kisukuma, tutaona kwamba hakuna darasa la shule ya umma ambalo mwalimu anaweza kusema kwa uhakika, "Wazazi wangu wote watajisomea barua hii."

Nitatoa mfano mmoja niliouona mwenyewe. Katika miaka yangu ya kamati alikuwapo bibi mmoja aliyekuwa akimlea mjukuu wake wa darasa la sita. Mtoto huyo alikuwa mtoro. Shule ilimwandikia bibi barua tatu, zote zikachukuliwa na mtoto mwenyewe, na zote hazikujibiwa. Suala lilipofikishwa kikaoni, taarifa ya mwalimu wa darasa ilisema kwamba mlezi "haonyeshi ushirikiano". Alitumwa mtu kumwita, naye akaja siku ile ile kwa miguu, amejitanda khanga yake ya kutokea. Mwalimu mkuu, kijana mwenye adabu, alimwamkia, "Shikamoo, bibi," akaitikiwa, kisha akamwuliza kwa upole kwa nini hakuwa akiitikia wito wa shule.

"Barua zako zote ninazo, mwanangu," alisema. Akafungua pindo la khanga, akatoa karatasi tatu zilizokunjwa kwa uangalifu, safi kama zilivyotoka ofisini. "Mjukuu wangu alinisomea. Hii inasema mtoto anaendelea vizuri. Hii inasema Jumatano ni siku ya usafi, wanakwenda wakubwa tu. Na hii inanijulisha kwamba shule itafungwa mapema mwaka huu."

Hapana aliyecheka. Bibi huyo alikuwa amezitunza karatasi za shule kama mtu anavyotunza hati ya shamba. Hakukosa ushirikiano hata chembe. Alichokosa ni mtu wa kumweleza, kwa maana ile ile ya asili ya neno kueleza.

Hapana shaka mtoto alidanganya, na kudanganya ni kosa lake. Lakini tuangalie ni nani waliomweka mahali pale. Mshitakiwa alikabidhiwa hati ya mashitaka yake mwenyewe, akaambiwa amsomee hakimu. Hata mtu mzima mwenye kumcha Mungu angejaribiwa. Na hata kama mtoto angekuwa mkweli, ingebaki dhara nyingine iliyojificha zaidi. Mtoto anayekuwa mkalimani kati ya shule na mlezi wake hujifunza mapema kwamba mlezi huyo hawezi kuisikia dunia ila kwa kupitia kwake. Heshima ya nyumbani hupinduka. Shule haikukusudia hivyo, lakini ndivyo inavyokuwa kila mara inapotuma maneno ambayo mtoto peke yake ndiye awezaye kuyafungua.

Msomaji aliyesoma hadi chuo atasema kwamba hayo ni matatizo ya wasiojua kusoma. La hasha. Kuna taarifa ambazo kila neno lake linasomeka na bado hazieleweki. Fundi seremala mmoja, baba wa mtihaniwa wa kidato cha nne, aliwahi kuniuliza hivi: "Binti yangu amepata pointi 9, mtoto wa jirani amepata 28. Mbona watu wanakuja kunipongeza mimi?" Fundi huyu anasoma na kuandika vizuri, na hesabu zake za mbao hazikosei. Tatizo ni kwamba miaka yote ya shule ya msingi alifundishwa na ripoti za shule kwamba namba ikiwa kubwa ndiyo sifa. Kumbe katika kidato cha nne alama ya A huhesabiwa pointi 1 na F pointi 5, na masomo saba yaliyo bora hujumlishwa. Kwa hiyo aliyefanya vizuri kupita wote ana 7, na aliyeanguka kabisa ana 35. Daraja la kwanza linaishia pointi 17. Maelezo haya yangeenea katika mistari mitatu, lakini mistari hiyo haikuwamo katika karatasi aliyopewa.

Jambo hilo lilipata kuwa gumu zaidi. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2014 yalitolewa kwa mfumo wa wastani wa alama, ambao ndani yake ukubwa wa namba ulikuwa sifa. Na matokeo ya mwaka 2015 yakarudishwa katika madaraja, ambamo udogo wa namba ni sifa. Mzazi aliyekuwa na watoto watatu waliofuatana mwaka kwa mwaka alihitaji kujifunza kusoma mara tatu. Sisemi kwamba mfumo huu ni bora au ule. Nasema kwamba wenye kubadili kipimo wana wajibu wa kumwambia mwenye mtoto jinsi kipimo kinavyosomwa, na wajibu huo hautimizwi kwa kuchapa namba.

Tuje sasa kwenye lugha yenyewe ya barua. Sote tunaijua: "Rejea somo tajwa hapo juu. Kwa mujibu wa maazimio ya kikao, unaagizwa kuwasilisha mchango wako bila kukosa. Kushindwa kutekeleza agizo hili kutapelekea hatua stahiki kuchukuliwa dhidi yako." Nani aliazimia? Mchango kiasi gani, na wa nini? Hatua stahiki ni zipi, na nani atazichukua? Barua haisemi. Mzazi anayeisoma hapati habari. Anapata hofu tu. Nami naamini kwamba mara nyingine hofu ndiyo iliyotakiwa, kwa kuwa adhabu isiyotajwa hutisha kuliko inayotajwa.

Linganisha na maneno haya: "Mzazi mpendwa, katika mkutano wa tarehe 4 wazazi tulikubaliana kwamba kila mtoto alete debe moja la mahindi kwa ajili ya chakula cha mchana. Mwisho ni Ijumaa tarehe 20. Kama huna, njoo tuzungumze. Mtoto hatafukuzwa darasani." Maneno haya yanaeleweka hata yakisomwa kwa sauti na mtoto wa darasa la tatu. Lakini tuone pia kwamba yamemfunga mwandishi. Ametaja kiasi, hawezi kesho kudai kingine. Ametaja sababu, ataulizwa kama mahindi yameliwa na watoto. Ametoa ahadi kwamba mtoto hatafukuzwa. Uwazi unamwajibisha anayesema, na hapo ndipo ninapoiona sababu ya ndani ya ugumu wa barua zetu. Tunapenda kusema kwamba tunaandika kwa ugumu kwa sababu ya mazoea ya ofisi. Ni kweli, lakini mazoea hayo yamedumu kwa kuwa yana faida kwa wenye nayo.

Hapa nchini tuna fundisho kubwa la mambo haya katika neno moja fupi, "bure". Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada na michango ya lazima katika shule za umma hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016. Hadi wakati huo ada ya sekondari ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 70,000 kwa wa bweni. Lilikuwa jambo jema, na watoto wengi waliokuwa wakikaa nyumbani waliingia darasani. Lugha ya serikali ilikuwa "elimumsingi bila malipo". Lakini maneno yana miguu, nayo huacha njiani mizigo wasiyoiweza. Yalipofika mitaani yalikuwa yamebaki "elimu bure".

Neno bure katika Kiswahili lina sura mbili. Kitu cha bure hakilipiwi. Lakini pia aliyekwenda bure amekwenda pasipo faida, na mtu bure ni mtu asiye na maana. Nilisikia wazazi wakisema kwa nia njema kabisa, "Serikali imechukua kila kitu," wakangoja madaftari na sare. Nikasikia walimu walioogopa hata kuitisha kikao cha kuzungumzia uji wa watoto, wasije wakaambiwa wanachangisha. Na wengine wakaanza kutania kwamba elimu bure ni elimu bure. Waraka Na. 3 wa mwaka 2016 ulikuja kufafanua nani anawajibika kwa lipi, kwamba sare, madaftari na kalamu, kwa mfano, zimebaki kwa mzazi. Ufafanuzi ulikuwa mzuri, ila nao ulikuwa waraka. Ulikwenda wizarani hadi halmashauri, halmashauri hadi shuleni, na katika shule nyingi ukalala katika faili. Mzazi alibaki na neno lake moja, na mwalimu akabaki na lake, wakalaumiana juu ya kitu ambacho kila mmoja alikuwa na nusu yake.

Najua kuna wenye kulipinga wazo langu, na baadhi ya hoja zao ni nzito. Wa kwanza husema: mzazi naye ana wajibu. Kama hakuelewa, kwa nini asiende kuuliza? Hoja hii ina ukweli. Mzazi anayejali huuliza. Lakini ili mtu aulize, hana budi kwanza ajue kwamba hajui. Bibi yule alidhani ameelewa barua zote tatu. Zaidi ya hayo, kuuliza kuna gharama. Anayekwenda ofisini kusema "sikuelewa" anakwenda kuuvua ujinga wake mbele ya kijana wa umri wa mwanawe. Wengi wanaona ni afadhali waitwe wasiojali kuliko waitwe wajinga. Mwenye kuandika hana gharama kama hiyo. Kwake ni suala la kuchagua neno jingine. Haki inataka mzigo ubebwe kwanza na yule ambaye kwake ni mwepesi.

Wa pili ni walimu wenyewe, nami nawaonea huruma. Mwalimu mwenye watoto zaidi ya mia katika chumba kimoja, ambaye jioni ana madaftari ya kusahihisha, atamweleza mzazi mmoja mmoja saa ngapi? Jibu langu ni kwamba taarifa isiyoeleweka haiokoi muda, huuahirisha tu. Barua tatu za utoro ziliandikwa, kikao kikakaa, mtu akatumwa, na mwisho wake mazungumzo ya dakika kumi ndiyo yaliyomaliza shauri. Dakika hizo kumi zilidaiwa tangu mwanzo.

Wa tatu husema kwamba lugha nyepesi hushusha hadhi ya shule. Shule ni mahali pa elimu, basi barua zake zionyeshe elimu. Hawa ndio ninaowapinga kwa nguvu. Mwalimu hujulikana kwa kulifanya gumu likawa jepesi; hiyo ndiyo kazi anayolipwa. Anayeweza kumweleza mtoto wa miaka saba kujumlisha kwa kubeba, kisha akashindwa kumweleza mama yake tarehe ya mkutano, hakushindwa kwa upungufu wa elimu. Ameamua kwamba mama hastahili taabu anayoipata mtoto. Jambo hilo hilo nawaambia wenye shule za binafsi zinazofundisha kwa Kiingereza na kuwaandikia wazazi kwa Kiingereza, huku wakijua kwamba mzazi anauza samaki usiku na mchana ili mwanawe aipate lugha asiyoipata yeye. Ada yake wanaipokea kwa Kiswahili.

Yako pia mambo ya wale ambao mwili umewafungia njia moja ya habari. Mzazi asiyeona anaweza kuwa msomi kutushinda. Louis Braille alitoa maandishi yake ya nukta sita mwaka 1829, na hapa kwetu shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilianzishwa mwaka 1950. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba jambo hili ni jipya. Hata hivyo mzazi huyo akiletewa barua ya kawaida, hana budi kumwita jirani amsomee. Na barua ikiwa inahusu ada anayodaiwa, au ugonjwa wa mwanawe, au aibu iliyompata binti yake? Siri ya nyumba imekwenda kwa jirani, na shule ndiyo iliyoipeleka. Mzazi kiziwi naye huitwa mkutanoni, hukaa saa mbili akitazama midomo ya watu, kisha hutia sahihi ya mahudhurio. Tanzania iliuridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, unaotaja waziwazi haki ya kupata habari kwa njia inayomfaa mtu. Lakini sidhani kama mwalimu anahitaji mkataba ili amwulize mzazi huyo, "Ungependa tuwe tunakupa habari kwa njia gani?"

Siku hizi wengi wanadhani simu imeyamaliza haya. Matangazo ya shule huwekwa katika makundi ya WhatsApp, na asubuhi yake mtoto huulizwa, "Mzazi wako hakuona?" Mwenye kitochi hakuona. Asiye na salio la intaneti hakuona. Aliyeona alikuta tangazo limezikwa chini ya salamu na picha mia. Lakini simu hiyo hiyo inaweza pia kuwa pembe ya mpiga mbiu. Mwalimu anaweza kurekodi sauti yake kwa nusu dakika, akaeleza jambo kama anavyolieleza mdomoni, na bibi asiyejua kusoma akaisikiliza mara nne bila kumwomba mtu. Chombo hakina wema wala ubaya wake chenyewe. Kinachotangulia ni swali alilojiuliza mwenye kukitumia: nani hataipata habari hii kwa njia hii?

Nasi tulipata kulijibu swali hilo kitaifa. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wanaokadiriwa kuwa milioni 2. Waliopanga kampeni ile hawakudhani kwamba watu wote wanasoma, wala kwamba wote wana redio. Waliunda vikundi, kikundi kikawa na kiongozi aliyefundishwa, redio, na vitabu vya lugha nyepesi. Watu walisikiliza pamoja, anayejua akawasomea wasiojua, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Kipimo kilikuwa kile cha mpiga mbiu: je, choo kimechimbwa? Hapana aliyeridhika kwa kuwa vitabu vimesambazwa.

Kwa hiyo ninachokidai si kitu cha gharama. Jambo kuu liwekwe mstari wa kwanza. Kiasi, tarehe na sababu vitajwe. Litajwe jina la mtu wa kuulizwa. Barua yenye uzito isipelekwe na mtoto anayehusika nayo. Mkutano uanze kwa kusoma taarifa kwa sauti, na palipo na wenye kuhitaji lugha nyingine, awepo wa kuwafasiria. Na mwisho mwalimu asiulize, "Mmeelewa?", maana swali hilo lina jibu moja tu, nalo ni "Ndiyo, mwalimu." Aulize, "Nani atatuambia tumekubaliana nini?" Hapo ataujua ukweli, na mara nyingine atagundua kwamba hata yeye alikuwa halijamwelea.

Hilo la mwisho ndilo linalonifanya niamini kwamba suala hili ni la maadili kabla halijawa la uandishi. Anayejitahidi kueleweka amekubali mambo mawili yasiyo rahisi. Amekubali kwamba aliye mbele yake ni mtu kamili, mwenye akili ya kupima na haki ya kukataa. Na amekubali kwamba yeye mwenyewe anaweza kuulizwa, kupingwa na kukumbushwa alichosema. Mamlaka yasiyopenda hayo hupenda barua ngumu. Mtoto anayetumwa na barua za namna hiyo kila muhula hujifunza namna wenye nguvu wanavyosema na wasio na nguvu. Somo hilo halimo katika muhtasari, lakini mtoto hulishika kuliko mengine yote.

Ningependa basi chini ya kila fomu, juu ya ile sentensi ya mzazi, iandikwe nyingine itangulie: "Mimi mwalimu wa shule hii nimeeleza, na nimehakikisha kwamba nimeeleweka." Na mwalimu atie sahihi yake kwanza. Akiona mkono wake unasita, ajue kwamba bado hajamaliza kazi, na fomu ile asiipeleke kwa mtu kutiwa dole gumba.